Kipakatalishi kikongwe kinaganda? Tafuta kiini kabla ya kukitupa

NI usiku wa Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za mapato kwa Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA. Hebu msomaji piga picha ya mwalimu wa shule ya upili aliyeketi mbele ya kipakatalishi chake cha miaka mingi. Amejaza ukurasa wa mwisho, amebofya, kisha kimya. Kielekezi hakisongi, kibodi haiitiki na saa iliyo pembeni mwa kiwambo imekwama kwenye dakika ile ile. Anabonyeza kila kitufe, anakipiga kofi, hatimaye anakizima kwa nguvu. Asubuhi jirani anamwambia: “Mwalimu, hicho kimezeeka. Nunua kingine tu.”

Ushauri huo hutolewa kila siku, na mara nyingi humgharimu mtu pesa ambazo hakuwa na haja ya kuzitumia. Tarakilishi haigandi kwa sababu ya umri. Huganda kwa sababu kiungo fulani ndani yake kinasubiri jibu ambalo haliji. Visababishi vya kawaida ni vichache, na vingi vyavyo waweza kuvipima mwenyewe nyumbani bila kulipa hata ndururu. Muhimu ni kufuata utaratibu: kwanza uokoe faili zako, pili uchunguze, tatu uanze kurekebisha kwa lililo rahisi kabla ya lililo ghali.

Kuganda ni nini?

Kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa tarakilishi, huomba data kutoka kwenye kumbukumbu ya muda, ile ambayo mafundi huiita RAM. Kumbukumbu nayo huletewa data hiyo kutoka kwenye diski kuu. Kimoja kati ya viungo hivi kikichelewa kujibu, vingine hubaki vikisubiri. Kwa hivyo kuganda si ugonjwa bali ni dalili, jinsi homa inavyoweza kuwa dalili ya malaria, homa ya matumbo au mafua. Anayetibu homa bila kupima damu hubahatisha.

Kipimo cha kwanza ni kitufe cha Caps Lock, ikiwa kipakatalishi chako kina taa ndogo ya kitufe hicho. Kibonyeze mara kadhaa huku ukitazama taa. Ikiwaka na kuzima, mfumo ungali hai na huenda ni programu moja tu iliyokwama. Subiri dakika tano, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua dirisha la Task Manager, uchague programu isiyoitikia na kuifunga. Taa isipobadilika, mfumo mzima umesimama. Hapo huna budi kushikilia kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde kumi hadi mtambo uzime. Usifanye hivyo kabla ya kusubiri, kwani kuzima ghafla wakati diski inaandika kunaweza kuharibu faili.

Tatizo hili ni la tangu jadi. Mchanganyiko maarufu wa vitufe vya Ctrl, Alt na Delete ulibuniwa na mhandisi David Bradley, aliyekuwa katika kikosi kilichounda tarakilishi ya IBM PC iliyozinduliwa mwaka wa 1981. Wakati huo ulikuwa wa kuuwasha mtambo upya bila kuukatia umeme.

Kuna pia kuganda kwa uongo. Kielekezi chaweza kukwama kwa sababu umezima kibao cha kugusa bila kujua, au kwa sababu chaja duni inakivuruga. Chomeka kipanya cha kawaida. Kikifanya kazi, mtambo wako haujaganda.

Okoa faili kwanza

Kosa kubwa wanalofanya wengi ni kuanza kurekebisha kabla ya kunakili faili zao. Tarakilishi inayoganda inaweza kuwa na diski inayokata roho, na kila dakika unayoitumia kuijaribu hii na ile ni dakika unayoikaribisha siku ya mwisho. Kipakatalishi chaweza kununuliwa kingine. Tasnifu ya miaka miwili, picha za harusi au hesabu za chama haziuzwi dukani.

Pindi mtambo utakapokubali kuwaka, nakili kwanza kile usichoweza kukipata tena: nyaraka za kazi, picha, vyeti. Muziki na filamu zingoje. Tumia diski ya nje au flashi, kisha zile muhimu zaidi uzitume pia kwenye hifadhi ya mtandaoni au anwani yako ya baruapepe. Nakala moja ikikaa nyumba moja na tarakilishi yenyewe, mwizi au moto huzichukua zote pamoja.

Ikiwa mtambo huganda kila unaponakili, usinakili folda nzima kwa mkupuo. Nakili kidogo kidogo, ukiruka faili ambayo husababisha mkwamo. Na ukisikia diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, zima mara moja. Ikiwa data iliyomo ni ya thamani kubwa, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data bila kuiwasha tena.

Weka daftari la mkwamo

Baada ya kuokoa faili, chukua daftari. Kwa siku tatu au nne, kila mtambo unapoganda andika saa, ulichokuwa ukifanya, umekuwa ukiwaka kwa muda gani, ikiwa chaja ilikuwa imechomekwa, na ikiwa upande wa chini ulikuwa moto. Daftari hilo litakuelekeza:

- Ukiganda baada ya nusu saa ya kazi nzito, feni ikivuma na upande wa chini ukichoma, shuku joto.

- Ukikwama unapofungua au kuhifadhi faili, kisha ukizinduka baada ya dakika moja au mbili, shuku diski.

- Ukiganda ovyo, bila mpangilio, pengine kwa kiwambo cha buluu chenye maandishi, shuku kumbukumbu.

- Ukizidi kujikokota kadiri unavyofungua kurasa nyingi za mtandao, kumbukumbu ni nzima lakini haitoshi.

- Ukikwama kwa programu moja pekee, tatizo ni la programu hiyo.

- Ukiganda unapouinua au kuuhamisha kutoka meza moja hadi nyingine, kuna waya au kiungo kilicholegea.

Joto na vumbi

Kwa mazingira yetu, hapa ndipo pa kuanzia. Kichakataji kikifika takriban nyuzi 100 za Selsiasi, hupunguza kasi ili kisiungue, na kisipopoa huuzima mtambo. Kazi ya kukipoza hufanywa na feni ndogo inayovuta hewa na kuipitisha kwenye mapezi membamba ya chuma. Vumbi la barabara za udongo, la chaki darasani na manyoya ya blanketi huungana yakaziba mapezi hayo kama sufi. Feni inazunguka lakini hewa haipiti.

Anza kwa lisilo na gharama. Usiweke kipakatalishi juu ya kitanda, kochi au mto, kwani vitambaa huziba matundu ya chini. Kiweke juu ya meza na ukiinue kwa vizibo viwili vya chupa kwenye pembe za nyuma. Ikiwa uko Lodwar, Garissa au Mombasa, fanya kazi nzito asubuhi au usiku. Kuganda kukipungua, umeshapata jibu.

Hatua ifuatayo ni kusafisha. Zima mtambo, chomoa chaja, ondoa betri ikiwa ni ya kutoka, kisha ufungue kifuniko cha chini kwa bisibisi ndogo. Zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, halafu upulize vumbi kwa mkebe wa hewa au pampu ya mkono. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate ni maji. Ikiwa mtambo una miaka mingi na haujawahi kufunguliwa, ule utomvu wa kijivu unaopakwa kati ya kichakataji na chuma cha kupoza huenda umekauka. Kuubadilisha ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mzoefu, nayo hurejesha uhai kwa mitambo mingi iliyodhaniwa kuwa imekufa.

Kwa wakazi wa Pwani kuna adui wa ziada: unyevu na chumvi ya bahari, ambavyo huleta kutu kwenye viungio. Usiache kipakatalishi dirishani.

Diski kuu

Vipakatalishi vingi vya zamani, hasa vya mtumba vilivyotumika afisini ng’ambo kabla ya kuuzwa katika maduka ya Nairobi, Kisumu au Eldoret, vina diski ya sahani zinazozunguka, nyingi zikiwa mara 5,400 kwa dakika. Sindano ya kusomea huelea juu ya sahani hizo bila kuzigusa. Kuanguka, kutikiswa kwenye matatu mtambo ukiwa umewashwa, na kuzimika ghafla umeme unapopotea, yote huidhuru.

Diski nyingi hujiwekea kumbukumbu za afya yake. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu hizo na kuonyesha neno moja: Good, Caution au Bad. Ukiona mojawapo ya hayo mawili ya mwisho, acha kila kitu unakili faili zako. Kinyume chake, neno Good si hakikisho kamili, kwani diski nyingine hufa bila kubisha hodi.

Usikimbilie amri ya chkdsk, inayotumiwa kurekebisha makosa ya diski, kabla ya kuwa na nakala. Kwa diski mgonjwa, amri hiyo huilazimisha kusoma kila kona na yaweza kuimaliza. Vivyo hivyo usiipange upya kwa ile huduma ya kukusanya vipande vya faili.

Angalia pia nafasi iliyobaki. Windows hutumia sehemu ya diski kama kumbukumbu ya ziada, na diski iliyojaa hadi pomoni huukwamisha mfumo hata kama ni nzima. Jaribu kuacha angalau asilimia 15 ikiwa tupu.

Ikithibitika kuwa diski ndiyo mkosaji, usinunue nyingine ya kuzunguka. Nunua ya SSD, ambayo haina kiungo kinachosonga. Ndiyo badiliko linalohisika zaidi katika tarakilishi kuukuu: mtambo uliokuwa ukichukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka kwa nusu dakika.

Kumbukumbu

Hapa kuna maswali mawili: je, RAM ni nzima? Je, inatosha?

Kwa la kwanza, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows na ukubali mtambo uzimwe na kuwashwa. Utajipima wenyewe. Programu ya bure ya MemTest86, inayoanzishwa kutoka kwenye flashi, hupima kwa undani zaidi. Iache usiku kucha. Kosa hata moja ni ushahidi wa kutosha. Lakini kabla ya kununua kipande kipya, chomoa kilichopo, futa meno yake ya shaba kwa kitambaa kikavu na ukirudishe hadi kibofye. Mara nyingi kilikuwa kimelegea tu. Ikiwa vipande ni viwili, ondoa kimoja, utumie mtambo siku nzima, kisha ubadilishe. Utamjua mkosaji.

Kwa la pili, fungua Task Manager na utazame safu ya Memory. Ikiwa inakaa juu ya asilimia 90 ukifanya kazi zako za kila siku, haitoshi. Gigabaiti 2 zilitosha enzi za Windows XP. Leo hata kurasa chache za mtandao huzimeza. Gigabaiti 8 ni kiasi cha kustarehesha kwa kazi za afisi na masomo. Ukienda dukani, beba kipande cha zamani. DDR3 na DDR4 hazibadilishani, kwani hata mkato wa meno yake ni tofauti.

Programu na mfumo endeshi

Wengine hupakia programu mbili za kukinga virusi wakidhani wamejikinga maradufu. Ukweli ni kwamba hizo mbili huchunguzana na kunyang’anyana kila faili, na mtambo unakwama katikati kama mtoto anayevutwa na wazazi wawili. Bakisha moja. Katika Task Manager, zima zile programu zinazojianzisha zenyewe mtambo unapowaka na ambazo huzihitaji. Programu zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila malipo nazo ni mlango wa virusi wanaokitumikisha kichakataji chako kwa manufaa ya mwingine.

Ikiwa kuganda kulianza baada ya sasisho au kifaa kipya, rudisha mfumo ulikokuwa kwa kutumia huduma ya System Restore. Waweza pia kuuwasha mtambo katika hali salama, yaani Safe Mode, ambapo Windows hupakia yale ya lazima tu. Usipoganda humo, mashine yenyewe huenda ni nzima na kosa ni la programu.

Kuna suala la umri wa mfumo. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows XP Aprili 8, 2014, Windows 7 Januari 14, 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ukamalizika Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo huhitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, masharti ambayo vipakatalishi vingi vya kabla ya 2017 haviyatimizi yote. Kuilazimisha kwenye mtambo usiostahili ni kujitafutia mikwamo mipya.

Jaribio la kuamua

Iwapo bado hujajua kama kosa ni la mashine au la programu, kuna jaribio linalokata shauri. Pakua mfumo wa Linux ulio mwepesi, kama Lubuntu au toleo la Xfce la Linux Mint, uuweke kwenye flashi na uwashe mtambo kutoka humo bila kugusa diski kuu. Utumie kwa saa mbili tatu.

Usipoganda, kichakataji, RAM na ubao mkuu huenda ni vizima. Mkosaji ni Windows au diski. Ukiganda hata humo, tatizo ni la joto, RAM au ubao mkuu, na kupakia Windows upya kungekuwa kazi bure. Jaribio hili peke yake laweza kukuokolea ada ya fundi anayependekeza kufuta kila kitu kabla ya kuangalia chochote.

Pia, ukipenda mfumo huo, waweza kuuhamia kabisa. Haulipishwi, na programu ya LibreOffice inayoandamana na mifumo hiyo hufungua nyaraka nyingi za Word na Excel. Hakikisha tu kwamba programu maalumu za kazi yako zinapatikana humo.

Umeme na betri

Chaja isiyofikisha wati zinazohitajika humfanya mtambo kujikokota. Linganisha nambari zilizo chini ya kipakatalishi na zile za chaja: volti ziwe sawa, ampea ziwe sawa au zaidi. Ikiwa kuganda hutokea chaja ikichomekwa tu, azima ya mwenzako inayolingana na ujaribu.

Tazama betri pia. Ikiwa kibao cha kugusa kimeinuka au kifuniko cha chini kimetuna, betri imevimba. Acha kuitumia papo hapo. Usiitoboe wala kuikandamiza, maana betri za lithiamu huweza kushika moto.

Ukienda kwa fundi

Nenda na daftari lako na umweleze ulichopima. Fundi akijua mteja amefanya utafiti, huanza mahali panapofaa. Muulize ni kiungo kipi kimeharibika na alijuaje. Omba urudishiwe kilichotolewa. Ikiwezekana, keti utazame kazi ikifanywa, au utoe diski yenye siri zako kabla ya kumwachia mtambo.

Kisha piga hesabu. Kusafisha, RAM na diski ya SSD kwa kawaida hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kipakatalishi kipya, kwa hivyo vinafaa kujaribiwa. Ubao mkuu ukiharibika, hadithi hubadilika. Mara nyingi heri kuhesabu hasara na kutafuta mtambo mwingine. Hata hapo usiutupe jaani, kwa kuwa una madini ya sumu kama risasi. Diski yake yaweza kutumika kama ya nje, RAM ikamfaa mwingine, na mabaki yakapelekwa kwa wanaochakata taka za kielektroniki, mathani WEEE Centre jijini Nairobi.

Tukirudi kwa mwalimu wetu, huenda kilichomkwamisha usiku ule kilikuwa vumbi lililojaa kiganja kimoja. Hangelijua hilo kwa kukipiga kofi. Lakini kama angekuwa na nakala ya kazi yake kwenye flashi, angevuka hadi kwa jirani, akaazima tarakilishi na kumaliza kabla ya saa sita za usiku. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo, kabla kipakatalishi chako hakijaganda tena, nakili faili zako.